Djaouharia, mwalimu anayekataa kumsemea mwenzake

Saa tisa alasiri, mtaa wa Magoudjou, mjini Moroni. Mwalimu yuko chini ya meza. Zinaonekana nyayo zake na pindo la leso tu, na sauti inatoka huko uvunguni ikiubembeleza waya wa simu kama mama anayembembeleza mtoto ameze kwinini.

“Shika, baba. Shika leo tu, kesho ukatike upendavyo.”

Waya unashika. Kompyuta inakoroma, inapiga mluzi, inanyamaza. Wanawake waliokaa kwenye mikeka wanapiga makofi. Djaouharia Saïndou, mwenye umri wa miaka arobaini, anachomoza na utando wa buibui begani, anatazama kioo.

“Unguja wameingia,” anasema. “Mutsamudu bado.”

Makofi yanakatika.

Leo ni siku ya mwisho ya muhula katika darasa ambalo wanafunzi wake hawajawahi kushikana mikono. Kundi moja liko hapa Moroni, la pili liko Mutsamudu katika kisiwa cha Anjouan, la tatu liko Unguja, na kinachowakutanisha ni intaneti. Wote ni wanawake wanaofundisha wanawake wenzao kusoma na kuandika. Mwisho wa muhula kila kundi huwafundisha wengine somo moja. Unguja wamekwisha fundisha, Moroni wamekwisha fundisha. Imebaki zamu ya Mutsamudu.

Na Mutsamudu iko ng'ambo ya vikwazo. Tangu mwaka jana utawala wa Anjouan na serikali ya Muungano wa Komoro, iliyo hapa Moroni, hawasemezani ila kwa vitisho. Ndege haziendi, meli haziendi, simu inakwenda ikijisikia. Magazeti yanaandika habari za askari wa Umoja wa Afrika watakaotua ufukweni, na kila anayeuza vitunguu sokoni anajua watatua lini, ingawa kila mmoja anajua siku yake.

Chuo cha ualimu cha Unguja kilichoanzisha darasa hili kimesema wazi: kundi ambalo halitafundisha leo litaondolewa, muhula ujao yatabaki mawili. Kikaongeza, kwa huruma, kwamba Moroni wanaweza kuwafundishia Mutsamudu somo lao ili jina lao libaki.

“Nitakuwa nimewabakisha kwa jina na kuwafukuza kwa mdomo,” anasema Djaouharia, akijipangusa utando. “Tutawangoja.”

Kungoja si jambo geni kwake. Asubuhi hufundisha watoto sitini katika shule ya msingi, wanaogawana madawati kumi na nane kwa amani isiyopatikana serikalini. Mshahara wa mwalimu huweza kukaa miezi mitatu bila kubisha hodi. Pengo huzibwa na cherehani yake na kaka zake wawili walioko Marseille, ambao pia ndio waliomjengea nyumba hii. Kwa Wakomoro nyumba hujengewa binti, na mume ndiye anayehamia.

“Moustadroine alikuja na sanduku moja na redio,” anasema, akimtaja mumewe, karani wa serikali. “Redio ilikufa. Sanduku liko juu ya kabati. Namwambia, usilishushe ovyo, watu watadhani tumegombana.”

Yeye mwenyewe alifika Moroni akiwa na miaka tisa, mwaka 1977, baada ya Wakomoro kushambuliwa Mahajanga, nchini Madagaska. Walipakiwa kwenye ndege za kampuni ya Ubelgiji iitwayo Sabena, na wenyeji wakawabatiza jina la ndege. Hata leo wanaitwa Wasabena. “Nilikuwa nasema Kimalagasi tupu. Watoto wenzangu walinicheka mpaka nikajifunza Kingazija cha hapa ili nami niwacheke.”

Kuhusu darasa lenyewe, yeye anakiri kwamba mwanzoni alidhani ni la kompyuta. Wanawake wa Unguja nao walidhani yeye ni mtengenezaji wa kompyuta, kwa sababu huku mwalimu huitwa fundi. Kwa jinsi anavyoshinda chini ya meza, hawakukosea sana.

Mratibu wa darasa ni Roukaya, mhadhiri wa Unguja mwenye babu aliyetoka Ngazidja, kisiwa hiki hiki cha Moroni. Yeye huita mtindo wao ufundishaji wa kifeministi. Neno hilo lilipofika Magoudjou lilizua maswali, na majirani wawili wa kiume wakauliza kama ni chama. Djaouharia aliwaeleza kwa namna yake.

“Niliwaambia, ni hivi: mwalimu hakai juu. Tunakaa duara. Somo halianzi kitabuni, linaanza kwa jambo lililomkuta mtu. Aliye kimya haachwi, anangojwa. Na mtu aliyepo hasemewi. Mmoja akaniuliza, ‘Sasa mwalimu analipwa kwa kazi gani?’ Nikamwambia, ‘Ndiyo maana halipwi.’”

Siku ya ufunguzi Roukaya alisema kwa furaha, “Karibuni katika darasa la nchi mbili!” Mutsamudu mtu akakohoa.

“Mtu mmoja tu,” anakumbuka Djaouharia. “Laini ni mbovu kila siku, maneno yanakatika vipande, lakini kikohozi kile kilipita kizima. Nchi mbili au tatu? Inategemea unamuuliza nani na ameshika nini mkononi.” Tangu siku hiyo Roukaya husema darasa la vyumba vitatu, na hakuna anayekohoa.

Lakini kilichotaka kulivunja darasa hakikuwa siasa. Kilikuwa viatu.

Waya wa simu wa nyumba ya Djaouharia haufiki ndani. Unaishia karibu na mlango. Kwa hiyo kompyuta iliwekwa mlangoni, juu ya meza fupi, na kamera yake ndogo ikawa inatuma picha moja baada ya nyingine, polepole, kama bomba linalovuja. Wanawake wa Moroni walikaa ndani kwa mpango wanaoujua tangu utotoni: aliyefanyiwa ndoa kubwa, ile harusi ya gharama inayompa mtu cheo, hukaa juu, ukutani, kwenye mto, anayefuata humfuata, na wadogo hukaa karibu na mlango, pale watu wanapovulia viatu.

Juu kabisa alikaa Koultoum, mfanyabiashara wa vitambaa ambaye Dar es Salaam anaijua kama kiganja chake na ambaye harusi yake ililisha mtaa mzima. Anayeingia humwamkia “Kwezi,” shikamoo ya huku, naye huitikia bila haraka, kama mtu anayekubali zawadi.

Mutsamudu, katika chumba kimoja cha mji mkongwe, kundi la wanawake lilikusanyika mbele ya kompyuta kuwaona wenzao wa Moroni. Wakaona magoti. Wakaona lundo la ndala.

Hawakusema kitu. Wakati wa somo waliitikia “ndiyo” na “tumeelewa”, basi. Somo la pili vivyo hivyo. Roukaya alidhani ni laini, akatuma ushauri juu ya modemu. Djaouharia naye akadhani ni laini. Alinunua waya mpya. Kundi zima lilikuwa kimya, na kanuni ya kungoja aliye kimya ilitekelezwa kwa uaminifu mkubwa bila mtu kuuliza wamenyamazia nini.

Somo la tatu lilipokwisha, kiongozi wa kundi la Mutsamudu alipiga simu. Anaitwa Noussaïba, asubuhi hufundisha wasichana chuo cha Kurani, na hana kawaida ya kuzungusha maneno.

“Dada Djaouharia,” alisema, “mmetuweka kwenye viatu.”

“Viatu gani?”

“Vyenu. Tunaviona. Kuna kimoja cha kijani kimekatika kamba, mwambie mwenyewe akishone.”

Djaouharia anasema alitaka kucheka, akashindwa. Kwa miaka watu wa Anjouan wamelalamika kwamba Moroni huwaweka mlangoni, wakati wa vyeo, wakati wa shule, wakati wa kugawa chochote. Sasa wamealikwa darasani na kompyuta imewaonyesha kwa picha.

Alipoleta habari kwa wenzake, Koultoum hakuinua hata kope. “Waliotoka wametoka,” alisema. “Wangetaka kukaa juu wasingehama nyumba.”

Maneno hayo yalifika Mutsamudu kabla ya jua kuzama. Jibu la Noussaïba nalo lilirudi: “Mwambie bweni Koultoum,” yaani bibi Koultoum, “hatujahama. Wenye bunduki bandarini ndio waliotuhamisha, na hawakubisha hodi.”

Somo la nne Djaouharia alikuja na dawa. Aliunganisha waya kwa waya mpaka ukafika ukutani, akaipandisha kompyuta juu ya meza ndefu, akaitandikia kitambaa cheupe chenye maua. Koultoum aliombwa asogee. Alisogea, kwa uso ambao wenzake bado wanausimulia. Picha zilipoanza kudondoka Mutsamudu, kilisikika kicheko.

“Mmetufanya maharusi!” alisema Noussaïba. “Tumepandishwa jukwaani na maua juu. Na bibi harusi hasemi, dada. Anatazamwa tu.”

Mwalimu anakiri kwamba hapo ndipo alipoelewa kanuni aliyokuwa akiwafundisha wengine. Chini kulikuwa kimya cha dharau, juu kulikuwa kimya cha heshima, na vyote viwili ni kimya. Duara alilokuwa akilisifu lilikuwa la Moroni peke yake.

Aliirudisha kompyuta mlangoni. Halafu akachukua mkeka wake na kwenda kukaa kando yake, akiipa kisogo ile sehemu ya juu. Mmoja akamfuata, wa pili akamfuata. Viatu vikatupwa uani. Alibaki Koultoum ukutani, peke yake, na mto wake, akiwa juu ya chumba kisicho na watu.

“Nilikaa kidogo,” anasema Koultoum mwenyewe, kwa Kiswahili chake cha Kariakoo. “Nikaona, mwanamke mzima nimekuwa kama picha ya ukutani. Heshima gani hii, hata umbeya siusikii?”

Akachukua mto, akaenda mlangoni, akaketi ubavuni mwa kompyuta. Mutsamudu picha ilipotua walimwona uso mzima, karibu, pua kwa pua. Kisha Noussaïba akasema, “Kwezi, bweni.” Naye Koultoum akaitikia.

Tangu siku hiyo kundi la Mutsamudu halikushikika. Wao ndio waliolipa darasa mabishano yake makubwa, walipowaambia Unguja kwamba nyumba ni ya mke.

“Ya mke? Na mkiachana?” aliuliza mwanamke mmoja wa Unguja.

“Mume anachukua sanduku lake.”

“Mna nafasi huko?” akauliza mwingine. Lakini yule wa kwanza hakuishia hapo. Aliuliza, ikiwa nyumba ni zenu, mbona barazani mjini wanaosema ni wanaume? Swali hilo liliwatoa jasho Moroni na Mutsamudu kwa pamoja, na kwa mara ya kwanza tangu mgogoro uanze visiwa viwili vilikuwa upande mmoja vikitafuta jibu.

Huko Mutsamudu askari kijana alikuja kumwuliza Noussaïba wanazungumza nini na Moroni kila wiki. “Nyumba,” alijibu. “Nyumba gani?” “Unayolala wewe. Ya mkeo.” Kijana alifikiri, akaondoka.

Sasa saa kumi imepita. Umeme wa mtaa umekatika na jenereta ya kuazima inatetemeka uani. Unguja wapo, Mutsamudu hawapo. Sauti ya Roukaya inatoka kwenye kompyuta, ya upole, ya mtu aliyebanwa na wakubwa wake.

“Djaouharia, chumba chetu kinafungwa saa kumi na moja. Somo lao mnalijua, mlilitayarisha pamoja. Lifundisheni ninyi, tuseme Mutsamudu wamefundisha. Tunawanusuru.”

“Ni kweli,” anasema Koultoum. “Mtu anazama, huwezi kumwuliza kama anapenda kushikwa mkono au nywele.”

Wengine wanaitikia. Kwa dakika kadhaa mwalimu yuko peke yake darasani kwake, na mtindo wake unamtaka asiwe na sauti kubwa kuliko wengine. Anaomba zamu kama mwanafunzi.

“Tuliposhuka kwenye ndege mwaka sabini na saba,” anasema, “kulikuwa na mtu ofisini wa kutusemea. Mama yangu aliulizwa jina tu. Yule mtu akaeleza shida zetu, akaeleza vizuri sana, mpaka watu wakatoa machozi. Hazikuwa shida zetu. Aliomba mablanketi. Mama alitaka kujua dada yake yuko wapi.”

“Mlipewa mablanketi?” anauliza Koultoum.

“Tele. Na joto la Moroni hili.”

Wanacheka, lakini hakuna anayerudia pendekezo. Roukaya anasema, “Basi tungojeni.” Wanangoja, Moroni na Unguja, laini ikiwa wazi. Mwanamke mmoja anaanza kusuka ukili. Djaouharia anatazama kona ya kioo ambako jina la Mutsamudu lingetokea. Halitokei.

Kinacholia ni simu ya mkononi ya Koultoum.

“Niko Patsy,” inasema sauti ya Noussaïba, ikihema. Patsy ni kijiji cha mlimani, juu ya Mutsamudu. “Mjini laini imekufa tangu asubuhi. Nimepanda na wenzangu watatu, mtandao unashika hapa penye mteremko, nikigeuka unakatika. Zamu yetu imepita?”

“Haijapita,” anasema Djaouharia, na kwa mara ya kwanza leo sauti yake haitanii. Anaikandamiza simu kwenye kipaza sauti cha kompyuta ili Unguja wasikie. “Fundisha.”

Noussaïba anafundisha akiwa amesimama mteremkoni. Anasema alitayarisha somo jingine, lakini wiki hii limempata jambo. Wanaume mjini wamesema askari watatua kutoka baharini, wanawake na watoto wapande milimani. Nusu ya wanafunzi wake wamepanda, funguo kiunoni. Nusu wamekataa: nyumba ni zao, nani atazilinda? Waliobaki wanawaita waliopanda waoga. Waliopanda wanasema nyumba haizai mtoto mwingine.

“Wote wameniomba mimi niamue, kwa sababu ni fundi wao,” anasema. “Sikuamua, sijui. Nimepanda kwa ajili ya simu, jioni nashuka, mama yangu hawezi kutembea. Somo langu ni hili swali. Mwenye nyumba anaamuaje? Msinijibu kwa vitabu.”

Unguja mwanamke mmoja anajibu kwanza. Anasema yeye hana nyumba, amehamishwa mara nne na mara zote aliambiwa siku ya kuhama. Hakuwahi kujua kuwa kuamua nako ni mzigo. Mwingine anasimulia gharika. Mwanamke wa Moroni anasema angebaki, kisha anatazama binti yake na kusema hajui.

Koultoum ameinama. Watu wanamngoja. Simu inakwaruza.

“Noussaïba,” anasema hatimaye, “nilisema maneno mabaya juu yenu.”

“Yalinifikia, bweni.”

“Basi na haya yakufikie. Njooni kwangu. Nina vyumba vinne. Nyumba ni yangu, simwulizi mtu.”

“Na mumeo?”

“Ana dada. Akalale kwa dada yake.”

Kicheko kinapasuka Magoudjou, Unguja na mlimani Patsy kwa pamoja. Noussaïba anacheka mpaka anakohoa, kisha anatulia.

“Tusipokuja, bweni, si kiburi,” anasema. “Njia zimefungwa, na wengine hawatataka hata zikifunguliwa.”

“Najua. Ndiyo maana sikufanyii kitu kabla hujasema. Wewe sema unachotaka, nami nitafanya.”

“Nataka muhula ujao mje ninyi kwe—”

Simu inakatika. Koultoum anaitazama, anaitikisa, anapiga tena. Haipatikani. Kwenye kompyuta Roukaya anasafisha koo.

“Mutsamudu wamefundisha,” anasema. “Vyumba vitatu. Anayepinga pale chuoni aje anisikilize mimi.”

Wanawake wa Moroni hawaondoki. Wanabishana juu ya swali la Noussaïba huku wakitafuta viatu vyao uani, na ubishi unatoka nao mpaka barabarani. Djaouharia anazima jenereta, anakunja mikeka. Anasema hajui kitakachotokea Mutsamudu wiki hii, wala hajui kama rafiki yake ameshuka salama. Atapiga simu mpaka ipatikane. Lakini neno la mwisho la Noussaïba hakulihitaji lote ili kulielewa: muhula ujao makao ya darasa yahamie Mutsamudu, Moroni iwe chumba cha mbali. Djaouharia anataka akalifungue huko mwenyewe, ana kwa ana.

“Meli ya kwanza ikiruhusiwa, nitapanda,” anasema. “Moustadroine nimekwisha mwambia. Akaniuliza nani atapika.”

Alimjibu nini?

“Nilimwambia jiko ni langu, lakini kwa muda huo nitamwazima.”